Mwanajaa Hafi Sura ya Tisa

Mhariri amepiga simu kutoka Dar, Bwana Gosbert.
"Hadithi nzuri," anasema, "ila hili jina.
Mwanajaa. Wasomaji watadhani umemtukana.
Mpe jina jepesi, lenye ua ndani yake, au nyota."

Nilikuwa uani, Makorora, napepeta mchele.
Nikamwambia nitampigia.
Sikumpigia.

Ngoja nikueleze wewe.

Yule karani wa reli, sura ya pili, anayeficha barua za watu,
jina lake nililiokota Ngamiani, Barabara ya Nane,
juu ya kibao cha fundi cherehani: KOMBO.
Fundi mwenyewe hakati kombo hata nukta,
suruali zake zanyooka kama mistari ya daftari.
Nikaona jina limekaa kwa asiye wake,
nikalihamisha.
Fundi akijua, atanidai kodi.

Chausiku ni kwa sababu ya umeme.
Wengine huitwa hivyo kwa kuzaliwa usiku;
huyu kazaliwa saa saba mchana,
ila mimi nilikuwa gizani na mshumaa,
TANESCO wamekata.

Na mzee wa ghala la mkonge, yule asiye na maneno,
huyo ni Namba. Basi.
Babu yake alishuka lori na jina refu la kwao,
jina la mvua, na mlima, na ng'ombe waliokwisha uzwa.
Mnyapara halikumkaa mdomoni,
akamvika kipande cha bati: mia nne na kumi na saba.
Wakaja watoto, wakaja wajukuu,
jina lile halikuonekana tena hata kwa ramli.
Nilitaka kumtungia jingine, kalamu ikagoma.
Mtu aliyeibiwa saa humpi picha ya saa.
Nimeacha nafasi tupu mbele ya Namba.
Mchapaji, tafadhali, asiizibe.

Lakini Mwanajaa.

Bibi yangu alizika watatu kabla hawajaota meno.
Wa nne alipolia, hakufungwa kanga mpya.
Alifungwa kitambaa cha kushikia masufuria,
akatolewa alfajiri kwa mlango wa uani,
akalazwa jaani,
kati ya maganda ya muhogo na jivu la jana.
Hapo akapita Bi Mwanakheri, jirani,
akijifanya mtu wa mbali asiyejua mtaa:
"Jamani, nani katupa hiki?"
Akakiokota. Akaja nacho mlangoni. "Mwanunua?"
Bibi akafungua pindo la kanga,
akatoa senti tano,
akamnunua mwanawe mwenyewe.

Mtoa roho alipopita, akaona taka ya senti tano.
Akakunja pua, akaenda zake.

Huyo ndiye mama yangu.
Ana miaka themanini na moja.
Sasa hivi ananiuliza kama chumvi ipo.

Na mimi, mjinga, nilipanga Mwanajaa afe.
Sura ya tisa: homa, mvua za vuli, shuka jeupe;
hata kilio nilishakiandika, na majina ya waliao.
Mara ya kwanza, dawa ikafika kwa baiskeli kutoka Bombo,
nani kaituma, sijui.
Mara ya pili homa ikamhamia daktari.
Mara ya tatu akaketi kitandani, akataka uji,
na uwe na ndimu.
Nikafunga daftari.
Nilidhani nimempa jina, kumbe nimempa hirizi.

Jana Bwana Gosbert kapiga tena.
"Nyota, je? Hutaki kabisa?"
Nikamwambia nyota huonwa na kila mtu,
hata na yule tunayemficha.
Nikamsimulia jaa, na pindo la kanga, na senti tano.

Akanyamaza hadi nikadhani salio limekwisha.
Kisha akauliza, polepole,
kama mtu anayepapasa chenji mfukoni:
"Hivi, Gosbert maana yake nini?"

Sijui, nikasema.
Muulize aliyekuita.